Kioo Kwenye Ufa Wangu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimenunua daftari jipya. La zamani lilijaa mwezi wa sita na sikuona sababu ya kununua lingine. Sasa sababu ipo. Serikali imetusikia! Miaka sita tunapiga kelele kuhusu machimbo ya mawe hapa juu yetu. Baruti kila Jumatano. Kuta zinapasuka, sahani zinaruka kabatini. Na sasa kampuni inaomba kibali cha kulipua mara mbili kwa wiki, kwa baruti nyingi zaidi. Ofisi inayosimamia machimbo imesema ngoja kwanza. Watapima nyumba zetu, kisha Ijumaa ya tarehe 19 tutakutana wote katika uwanja wa kanisa, na ofisi itaamua.

Habari ameleta Ocira, mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Anajiita meja mstaafu. Mimi najua alikuwa koplo wa stoo. Alisimama mlangoni kwangu akitangaza kana kwamba serikali ni yeye. Hakuingia. Kiti nilikuwa nimeshamsogezea.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichosema nyumbani. Mimi Mwacholi, polisi mstaafu, marehemu mke wangu Teresa mtu wa Arua, tukakutana kambi ya polisi, basi tukabaki na lugha ya kambi. Ni miaka minne tangu aniache. Mtaani hapa Kampala watu wanasema Kiganda. Nakielewa, lakini siwezi kugombana kwa Kiganda, na mzee asiyegombana watu wanamsahau upesi.

Jumanne, 2 Septemba

Siku kubwa! Ofisi imemtuma binti wa kupima. Anaitwa Adoch, jina la kwetu. Kofia ngumu, buti, begi la vyombo. Nikamsalimia kwa Kiacholi, akajibu vibaya sana, akacheka, akasema amezaliwa kambi ya polisi ya Naguru, lugha ya mama yake anaielewa tu. Kiswahili anacho! Kile chetu chenyewe, cha kambi. Akaniita afande. Sikumbuki mara ya mwisho kuitwa afande na mtu ambaye si mlinzi wa benki.

Kazi yenyewe iko hivi. Anachukua kipande cha kioo, chembamba, urefu wa kidole. Anakibandika juu ya ufa kwa plasta, ncha moja huku, ncha nyingine kule, halafu anaandika tarehe. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinavunjika. Kikivunjika wakati wa mlipuko, kosa ni la kampuni. Mwenye nyumba anajaza fomu, anaandika saa na dakika, anatia sahihi. Adoch anarudi, anapima, anabandika kingine. Kisipovunjika, harudi.

Alikaa kwangu dakika arobaini. Nilitazama saa. Alikula mandazi mawili na kuniuliza yule kwenye picha ni nani. Nilimweleza habari za Teresa hadi chai ikapoa. Laker binti yangu, aliye Doha, hajawahi kuniuliza maswali mengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja.

Baadaye nimesikia kwamba Ocira, kule chini, amewekewa mashine ya kupima mtikisiko na vioo vitatu. Vitatu! Mimi kimoja. Anatembea mtaani kifua mbele kama aliyepewa nishani.

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya mlipuko. King'ora cha kwanza saa nne na nusu: jiandaeni. Cha pili saa tano kasoro robo: tokeni wote. Ndiyo sheria, kila aliye ndani ya mita mia tatu lazima aende uwanja wa kanisa. Walinzi wanapita na bendera nyekundu wakichungulia madirisha. Saa tano kamili king'ora cha tatu. Sekunde sitini. Gwaa!

Kuna jambo siwezi kulisema mbele ya kamati, kwa hiyo naliandika hapa. Jumatano ndiyo siku yangu nzuri kuliko zote. Mtaa mzima uko mahali pamoja. Akina mama wanakuja na masufuria, watu na mbuzi wao, redio zao, magomvi yao. Hakuna anayeweza kwenda nyumbani kwake na kufunga mlango. Kavugho, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hutandika mkeka kivulini na kuniwekea nafasi. Ni mjane kutoka Butembo, Kongo, fundi cherehani, anaishi na mama yake mzee. Mdomo wake haupumziki. Leo kanisimulia habari za harusi ya binamu yake, tangu posa hadi mapishi. Nilivumilia.

Baruti ilikuwa kali ajabu. Ardhi ilitingishika hadi miguuni. Nikakimbia nyumbani hadi ukutani. Kioo kizima! Kinang'aa! Hakina hata mchubuko.

Cha Kavugho kimepasuka vipande viwili. Ufa wake uko juu ya kitanda cha mama yake, unaingia sarafu. Huyu Kavugho ana bahati.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefagia ua mara mbili. Nimevaa shati la kola. Saa tatu Adoch amepita. Akanipungia mkono, akauliza kwa mbali kama kioo changu kiko salama. Nikasema kiko salama. Akasema vizuri sana, afande, akaingia kwa Kavugho. Mandazi nilikuwa nimenunua sita.

Saa nzima alikaa kule. Nilisikia vicheko ukutani. Kavugho akatoka akaniita, akasema chai iko tayari, njoo tukae wote. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa taratibu, ofisi haikunitembelea mimi, siwezi kuingilia kazi ya serikali. Alinitazama kidogo akarudi ndani. Vicheko vikaendelea.

Mandazi nimeyala mwenyewe, yote sita, na sasa kiungulia kimenikaba.

Ijumaa, 5 Septemba

Hatua rasmi! Nimeshuka hadi Wandegeya kuchapisha barua. Pale karibu na chuo kikuu kuna vibanda vya kuchapa, wanafunzi wamejipanga na kazi zao. Nimesimama saa moja katikati ya vijana wenye visikio masikioni. Barua yangu imesema kwamba nyumba yangu ina kuta nne, zote raia watiifu, na kwamba kumpa mwenyekiti vioo vitatu na mimi kimoja ni ubaguzi. Nakala sita, moja nimeipeleka ofisini kwao. Binti wa kuchapa akauliza kama ni shairi.

Alasiri Adoch amenipigia simu. Sauti ya upole. Kasema kioo huwekwa penye ufa, na mimi nina ufa mmoja, tena mwembamba, tena chini ya mfereji wa maji ya paa unaovuja. Akaniuliza nani alijenga ule ukuta. Nikasema mimi mwenyewe, likizoni, mwaka 2009. Akaniambia nirekebishe mfereji.

Alilipokea lalamiko langu, lakini. Amesema ataliweka kwenye faili.

Jumapili, 7 Septemba

Laker amepiga simu kutoka Doha. Huwa naandika kwenye kikaratasi mambo ya kumwambia nisije nikasahau. Leo yalikuwa saba. Tulifika la pili. Akaitwa kazini. Akasema Baba uko sawa, nikasema niko sawa, na kweli niko sawa, ni vile tu nyumba imekuwa kimya hadi nasikia friji ikiwaka na kuzima.

Kavugho ameleta sombe, yaani kisamvu, na samaki. Chumvi nyingi. Nimemrudishia bakuli limeoshwa, nikiwa nimesimama mlangoni. Akauliza kama nimekula vizuri, nikasema chumvi.

Mchana nimefanya majaribio. Kama baruti ya kampuni imeshindwa kukivunja kioo, labda nyumba yenyewe inahitaji kusaidiwa kidogo. Nimebamiza mlango mara ishirini. Hakuna. Nimesukuma kabati la nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna, ila kiuno. Nimepanda juu ya kiti na kuruka chini kwa miguu miwili, mimi mtu wa miaka sitini na tatu! Kioo kimenitazama tu. Kavugho akagonga ukuta kuuliza kama nimeanguka.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeamua. Nyundo.

Si udanganyifu. Ufa upo, baruti ipo, kioo kipo. Mimi nafupisha safari tu. Kampuni imetutesa miaka sita, na kioo changu kimekataa kusema ukweli, basi nakisaidia kusema.

Mpango ni wa kipolisi. Kesho siendi kanisani. King'ora cha pili kikilia, nafunga mlango na kulala chini, mbali na dirisha. Walinzi wakipita, hawanioni. Redio naifungulia sauti ya mwisho ili nyundo isisikike. King'ora cha tatu kikilia, nahesabu sitini, nagonga. Mlipuko na nyundo, sekunde moja. Hata mimi mwenyewe sitajua ni kipi kimevunja.

Nimeosha shati la kola.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi mtupu!

Nilifanya kila kitu kama nilivyopanga. Nikalala sakafuni saa tano kasoro robo, kidevu chini. Redio inanguruma, kwaya moja ya Gulu, sauti ya mwisho. King'ora cha tatu nilikisikia vizuri. Nikahesabu. Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Kap! Vipande viwili. Nikasikia nyumba ikitetemeka, au mkono wangu, haidhuru.

Hapo hapo nikazima redio, nikampigia Adoch. Nikamwambia kwa huzuni kubwa kwamba kioo changu kimevunjika. Akaniuliza saa ngapi. Nikasema saa tano na dakika moja, mlipuko mkubwa sana. Akaniomba nirudie. Nikadhani mtandao. Kisha akasema atakuja kesho asubuhi.

Anakuja! Nimenunua mandazi na ndizi mbivu. Watu wamerudi kutoka kanisani wamechelewa sana leo, karibu saa nane, wote wamenuna. Mlango wangu uligongwa, sikufungua, wala sikutoka kuuliza. Nilikuwa napiga deki.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwisha!

Asubuhi ilikuwa tamu. Adoch akaja saa mbili. Tukanywa chai. Akanisimulia maisha ya Naguru, jinsi walivyokuwa wakioga bombani wakiwa wadogo na mke wa sajini mmoja akiwafukuza kwa fagio. Nikacheka hadi machozi. Tulikaa saa moja na robo! Kisha akaenda ukutani. Akaangalia vile vipande muda mrefu. Akapiga picha. Akatoa fomu, akanipa kalamu, na kabla sijaandika akaniuliza.

"Afande, uko na uhakika na hii saa?"

Nikasema nina uhakika kama jina langu. Akauliza tena. Nikaandika saa tano na dakika moja, mlipuko mkubwa sana, nikatia sahihi pamoja na namba yangu ya polisi. Akakunja fomu polepole. Kioo kingine hakubandika. Alipoondoka hakuniita afande, alisema tu asante mzee.

Saa nne na nusu king'ora kikalia. Alhamisi! Nikatoka mbio kumuuliza Kavugho kulikoni. Akanishangaa. Akasema, kwani hukusikia? Jana hawakulipua. King'ora cha tatu kilikuwa kimeshalia, walinzi wakasikia redio ikiimba kwaya ndani ya nyumba moja ya safu yetu, wakajua kuna mtu amebaki, na sheria inakataza kuwasha baruti mtu akiwa ndani. Wakatafuta, wakagonga milango, hakuna aliyefungua. Watu wakakaa juani zaidi ya saa mbili, halafu mlipuko ukaahirishwa hadi leo.

Hawakulipua. Kwa sababu yangu. Nimevunja kioo kwa mlipuko ambao mimi mwenyewe niliuzuia.

Nilikwenda kanisani pamoja nao. Gwaa ilipolia, watu wote waliziba masikio. Mimi niliziba uso.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda ofisini kwao Nakasero kuichukua ile fomu. Nilikuwa na hadithi nzuri: kwamba nimekosea namba ya simu na nataka kuirekebisha. Askari wa getini kaniandikisha kitabuni. Chumba cha pili wakanipeleka cha tano, cha tano wakanirudisha cha pili. Mwishowe karani mmoja akasema faili liko kwa mkubwa, na kwamba nakala ya fomu zote imeshapelekwa kwa kampuni, kama sheria inavyotaka, ili wakili wao ajiandae.

Niliuliza wakili yuko vipi. Karani akasema mkali.

Nimekaa kwenye ukingo wa soko la Nakasero nikitazama watu wakinunua nyanya. Kila mtu na mtu wake, wanabishana bei. Nikanunua parachichi moja ili na mimi nibishane. Muuzaji alikubali bei yangu mara moja.

Jumamosi, 13 Septemba

Mambo yamezidi. Kamati imekaa kikao cha dharura. Ajenda moja: nani mpumbavu aliyebaki ndani siku ya Jumatano? Ocira amewaka moto. Amesema mtu huyo ametuaibisha mbele ya ofisi, kampuni sasa itadai wakazi ndio wavunja sheria. Anataka uchunguzi. Akazungusha macho, akayatua kwangu. Kasema tuna bahati, tuna polisi hapa.

Nimechaguliwa kujichunguza mwenyewe! Kura zote. Walinipigia makofi, na naungama kwamba nilisimama na kuinama kidogo.

Alasiri nimepita nyumba kwa nyumba na daftari, nikiandikisha maelezo. Ilikuwa raha kuliko nilivyotarajia. Kila mlango kiti, kila kiti chai. Watu wamenieleza mengi ambayo hayahusiani na kesi. Kwa Kavugho nilikaa rasmi, mgongo wima. Nikamuuliza Jumatano alikuwa wapi kati ya saa tano na saa saba. Akasema kwenye mkeka. Peke yake? Na mama yake, akasema, na nafasi yangu.

"Nilikuwekea nafasi kwa kivuli, Papa Okullo. Watu walitaka kuikalia, nikakatala. Nikangoja sana. Nikasema pengine uko mugonjwa."

Niliandika: shahidi huyu ni hatari, anajua kwamba sikuwepo. Nikamwambia nilikuwa na tumbo. Akaingia ndani akanichemshia majani machungu, nikanywa mbele yake hadi tone la mwisho.

Jumanne, 16 Septemba

Nimewasilisha ripoti, kurasa tatu. Mtuhumiwa ni mtu mrefu, wa mtaa mwingine, mwenye redio. Ocira kaisoma mara mbili. Akasema kazi safi. Kisha akauliza kwa nini mtu wa mtaa mwingine aje kusikiliza kwaya ndani ya nyumba zetu. Nikamjibu kwamba uchunguzi unaendelea.

Alhamisi, 18 Septemba

Kesho kikao. Nimeandika utetezi wa aina nne. Wa kwanza, lori. Wa pili, paka. Wa tatu, saa yangu ya ukutani inakimbia kwa siku nzima. Wa nne ni kwamba niugue. Naona wa paka una nguvu zaidi. Paka sina. Nimemwomba Kavugho anisaidie kutafuta paka, akauliza wa nini, nikasema upweke. Neno lilinitoka tu, sikulipanga.

Hakucheka. Alisema, lakini Papa Okullo, si tuko hapa. Nikamwambia nilikuwa na maana ya panya.

Ijumaa, 19 Septemba

Nitaandika kama ilivyotokea, maana kesho nitataka kuibadilisha.

Uwanja wa kanisa ulijaa. Mkubwa wa ofisi, mama mmoja wa miwani, alikaa katikati. Adoch pembeni yake na mafaili. Upande wa kampuni, meneja na wakili. Upande wetu, Ocira amevaa suti ya harusi ya mwanawe. Mama yake Kavugho aliletwa kwa boda akakalishwa mbele, amefunikwa kitenge, maana kitanda chake ndicho kilicho chini ya ufa.

Ocira alieleza vizuri, lazima nikiri. Akaomba mlipuko usiongezwe, upunguzwe, na nyumba za safu ya juu zitengenezwe. Kisha wakili akasimama. Hakupaza sauti hata kidogo. Akainua fomu moja. Akasoma saa, akasoma tarehe, akasoma mlipuko mkubwa sana. Akaisoma na namba ya polisi. Akauliza kama kuna mtu yeyote aliyesikia mlipuko siku ya tarehe kumi. Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Shingo zao zililia ko! kwa pamoja.

Wakili akasema hiki ni kioo kimoja tu cha uongo kilichojulikana. Mashine ya kupima mtikisiko iko kwa Ocira, mbali na safu ya juu. Ushahidi wa safu ile ni vioo tu. Na kama afisa wa polisi anadanganya, tutawaamini wengine kwa lipi? Akaomba vioo vyote vya safu vifutwe. Cha Kavugho kikiwemo.

Nikasimama. Paka alikuwa tayari ulimini. Lakini Kavugho alikuwa amesimama kabla yangu, anasema na mama wa miwani.

"Mama, huyu Papa hawezi kudanganya. Ni jirani yangu. Ni polisi. Kama saa imekosea, ni saa."

Laiti angenitukana! Nikamtazama bibi aliyefunikwa kitenge. Halikubaki neno la paka.

"Nimevunja mwenyewe," nikasema. "Kwa nyundo. Redio ilikuwa yangu. Huyu mama kioo chake kilivunjika kweli, wote tulikuwa hapa kanisani."

Mbuzi mmoja akalia. Ocira alikaa chini kama gunia. Mama wa miwani akaniuliza kwa nini. Nilijua kuna majibu ya maana, ya haki na ya kuonewa, nilikuwa nayo tele kwenye zile nakala sita. Nikamtazama Adoch, nikasema nilitaka arudi.

Watu walicheka. Si wote. Adoch hakucheka. Alifungua faili, akasema alijua tangu siku ile, kwenye plasta yangu kuna alama ya nyundo, ya mduara kabisa, na cha Kavugho kimekatika kufuata ufa. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Mama wa miwani akaandika muda mrefu. Kisha akatoa uamuzi. Fomu yangu inafutwa. Za wengine zinabaki. Kampuni haipewi mara mbili kwa wiki, tena itapunguza: mara moja kila wiki mbili, kwa baruti nusu. Na nyumba tano za safu ya juu zitajengewa kuta upya kwa gharama ya kampuni, wenyewe wahamishwe kwingine hadi Januari.

Vigelegele! Watu wakakumbatiana. Nyumba za safu ni sita. Ya sita ni yangu. Ya kwangu, alisema mama wa miwani bila ubaya wowote, ina mchanga mwingi na mfereji unaovuja.

Jumapili, 21 Septemba

Siku mbili sijatoka. Leo Kavugho amegonga, akaweka bakuli mlangoni. Akasema kupitia mlango kwamba safari hii chumvi ni kidogo.

Nilingoja aondoke ndipo nikafungua.

Jumamosi, 27 Septemba

Wamehama. Lori la kampuni lilikuja asubuhi. Nilisaidia kubeba cherehani ya Kavugho, nzito kama injini. Amepangishiwa vyumba viwili Old Kampala, kwenye ghorofa la zamani lenye maduka chini. Mama yake alinishika mkono, akasema kitu kwa Kinande, lugha ya kwao, ambacho sikukielewa. Kavugho akatafsiri: anasema ule chakula. Nikasema nitakula.

Lori liliondoka saa sita. Nimehesabu kufuli tano kwenye milango mitano. Jumatano hakukuwa na king'ora, ni wiki ya mapumziko kwa sheria mpya. Sheria nzuri. Tuliipigania.

Jumapili, 5 Oktoba

Habari kubwa! Ofisi imeamua kupima vumbi pia. Wamesimamisha chombo juu ya nguzo mbele ya nyumba yangu, kwa sababu ndiyo nyumba pekee ya safu yenye mtu. Ndani kuna karatasi nyeupe. Mtu wa ofisi atakuja kila Jumatatu kuibadilisha. Si Adoch, amehamishiwa machimbo ya upande wa Mukono. Anakuja bwana mmoja anaitwa Kidega. Nimeuliza: karatasi ikichafuka sana je? Wakasema basi itabidi abadilishe kila siku.

Kila siku! Nimeshalitoa zulia. Nguzo si ndefu, nikisimama juu ya meza nikalipiga zulia pale chini yake, vumbi linapanda lenyewe. Huu si udanganyifu, vumbi ni la machimbo, limekaa tu kwenye zulia langu.

Saa nne simu ikalia. Kavugho. Anasema leo amepika, mama yake ananiuliza, na ghorofa lile limejaa watu wa Beni na Bunia na Goma, korido nzima Kiswahili tangu asubuhi hadi kulala, wanagombana vizuri kabisa. Kuna mzee mmoja anatafuta mtu wa kucheza naye drafti. Ni boda moja tu, Papa Okullo, njoo.

Nilimshukuru. Nikamwambia siwezi, natarajia mgeni.

Kidega anakuja Jumatatu, najua, na leo ofisi imefungwa. Lakini mtu anaweza kuja mapema. Nimevaa shati la kola, nimeweka viti viwili nje, na nimekaa kwenye kimoja tangu saa tano.